Amana Iliyo Bandani

Asubuhi moja ya Julai tulikuta watoto sita wa sungura wetu wamekufa sakafuni mwa banda. Wanetu walilia, sisi tukamlaumu mama kwa ukatili. Kumbe kosa lilikuwa letu: hatukumwekea sanduku la kuzalia.

Mtoto wa sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Katika baridi na mvua za Tukuyu, akitoka kiotani hupoa haraka na kufa. Mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, wala hana desturi ya kumrudisha aliyeanguka.

Mimba huchukua takriban siku 31. Basi ifikapo siku ya 28, wekeni sanduku lenye kingo na nyasi kavu. Kila asubuhi tazameni matumbo: lililojaa limenyonya, lenye mikunjo lina njaa. Aliyepoa apashwe joto mikononi kwanza, ndipo arudishwe kiotani. Asinyweshwe maziwa kabla mwili haujapata joto.

Ndugu zetu, mnyama tuliyemfungia hana pa kukimbilia ila kwetu. Ni amana, nasi tutaulizwa.