Mpimaji si karani wa alama

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwalimu wa taaluma huonewa huruma na kudharauliwa kwa wakati mmoja. Ndiye anayepanga ratiba, anayekusanya mitihani ya wiki, anayejumlisha alama, anayetoa mkeka wa matokeo na kuubandika ukutani. Kijana wa chuo cha ualimu akisema anataka kubobea katika upimaji wa ujifunzaji na kuwasaidia wanaobaki nyuma, wenzake humwambia hiyo si kazi ya kusomea. Mwalimu ni wa chaki. Alama atazishika yeyote anayejua kujumlisha, na mtoto asiyeelewa wazazi wake wampeleke twisheni.

Maoni haya yanashikiliwa hata na watu ninaowaheshimu, na yana sababu zake, nitazifikia. Lakini nayaona ni makosa, na wanaoyalipia ni watoto wasio na mtu wa kuwasemea.

Chukua karatasi moja ya Darasa la Tatu yenye hesabu nne za kutoa. Mtoto ameandika: 48 − 25 = 23; 52 − 38 = 26; 71 − 45 = 34; 60 − 27 = 47. Amepata moja kati ya nne, na kwenye mkeka inasomeka asilimia 25. Hebu itazame tena. Mtoto huyu hajabahatisha hata mara moja. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au iwe chini. Kutoa anakujua, asichokijua ni kwamba kumi moja linaweza kuvunjwa likawa mamoja kumi. Mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, mwache afungue fungu moja kwa mikono yake, na katika siku chache atakuwa amevuka. Jirani yake kwenye dawati naye ana asilimia 25, lakini majibu yake hayafuati njia yoyote, na ukimuuliza kati ya 52 na 38 ipi kubwa, anasita. Huyo shida yake iko nyuma zaidi, kwenye maana yenyewe ya makumi na mamoja, na vijiti vile atavihitaji kwa wiki nyingi. Mkeka umewaweka pamoja. Vipindi rekebishi vya jioni, ambavyo kwa kawaida ni somo lile lile kurudiwa kwa sauti kubwa zaidi, havitamfaa yeyote kati yao. Kuwatofautisha watoto hawa wawili ni ujuzi, na ujuzi huo hufundishwa.

Mtu atasema mitihani tunayo tele. Kweli. Baraza la Mitihani la Tanzania lipo kwa sheria tangu 1973, tuna Upimaji wa Darasa la Nne na wa Kidato cha Pili, na juu yake kuna mitihani ya utamilifu ya wilaya na mikoa. Tena Baraza halitoi alama tu. Kila mwaka huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na picha za majibu mazuri na mabaya. Ni hazina hasa. Ila ingia shule yoyote uulize ni nani aliyepewa kazi ya kuusoma uchambuzi huo na kubadilisha chochote darasani. Kwa muundo wa shule ulivyo leo, hiyo si kazi ya mtu. Na wakati unatoka, mtoto aliyeandika jibu lile baya ameshahama darasa, au ameshamaliza shule.

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Naliunga mkono bila kusita. Lakini kumwondolea mzazi swali la “amekuwa wa ngapi?” kunadai awepo mtu wa kumjibu swali lingine: amekwama wapi?

Gharama ya kukosa mtu huyo tunaijua. Watu wa mpango wa Uwezo, unaopima ujifunzaji wa watoto, walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, wakimpima mtoto mmoja mmoja kwa karatasi fupi ya herufi, maneno, aya na hadithi, walikuta mmoja kati ya watano wanaomaliza elimu ya msingi hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa wamefanya mitihani miaka saba. Walikuwa na alama, nafasi na ripoti. Hakuna aliyekaa nao dakika tano kuwasikiliza wakisoma.

Pingamizi zito ni la uhaba. Darasa lina wanafunzi themanini na zaidi, walimu hawatoshi, vitabu havitoshi. Kumtoa mwalimu mmoja akawe mpimaji ni anasa. Pingamizi hili silichukulii juujuu, kwa kuwa mwalimu aliye mbele ya watoto themanini hana pa kupumulia. Lakini tuangalie kilichotokea jirani. Katika miaka ya 1990, shule za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ziligawiwa vitabu vya kiada. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipofuatilia, waliona alama zilizopanda ni za wanafunzi waliokuwa tayari wako juu. Wengine hawakuambulia kitu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na vilianzia mahali ambapo wao hawajafika. Uhaba wa vitabu ulipunguzwa, tatizo likabaki pale pale, kwa sababu hakuna aliyejua kila mtoto yuko wapi. Uhaba ndio unaofanya upimaji uwe wa lazima: mwenye kidogo hawezi kukipeleka pasipohitajika.

India wamekwenda mbali zaidi. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai, liliwachukua wasichana wa mitaa ile ile, wakapewa mafunzo mafupi na malipo madogo, kila mmoja akawa na watoto kama ishirini waliobaki nyuma kwa saa mbili kwa siku. Mpango ulipimwa Mumbai na Vadodara kati ya 2001 na 2003, na watoto walipanda kweli. Wapinzani hupenda kuongeza, na ni haki yao, kwamba mwaka mmoja baada ya mpango kuisha sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeyeyuka. Kwangu hiyo ni hoja ya kuajiri. Kampeni hukoma, mfadhili huondoka. Cheo kilichomo katika muundo wa utumishi hubaki.

Kisha kuna jimbo la Haryana, huko huko India. Huko nyuma, mbinu za Pratham zilipokabidhiwa walimu wa serikali katika majimbo mengine kwa semina na vifaa tu, walizipokea, wakarudi kwenye mtaala kama kawaida. Mwaka 2012 Haryana walifanya tofauti. Waliwachukua maofisa wa elimu wa ngazi ya chini, wakawapeleka kwanza madarasani kufundisha wenyewe kwa siku kati ya 15 na 20, kisha ndipo wakawapa kazi ya kuwasimamia walimu. Ratiba ikatengewa saa moja ambayo watoto hupangwa kwa kiwango chao, bila kujali darasa. Usomaji ukapanda. Tanzania ina karibu kata elfu nne, na kila kata ina Afisa Elimu Kata, wengi wao waliogawiwa pikipiki za kuzungukia shule. Usafiri upo na ngazi ipo. Kinachokosekana kwenye kata ni mtu aliyesomea kutambua kwa nini mtoto haendi mbele, na mwenye muda wa kufanya hivyo.

Wapo wanaohofia kwamba kuwapanga watoto kwa kiwango kutawatia aibu. Hofu hiyo ina msingi pale makundi yanapokuwa mikondo ya kudumu. Kwa saa moja kwa siku, yakipangwa upya kila baada ya wiki kadhaa, aibu ni ndogo kuliko ya kukaa miaka mitano ukiitikia kwa sauti usichokielewa.

Tatizo la ajira ni kwamba mwalimu bora Tanzania akitaka kukua kikazi huondoka kwa watoto: anakuwa mwalimu mkuu, ofisa kata, mdhibiti ubora. Tume ya Utumishi wa Walimu na wizara zinaweza kufungua njia nyingine, ya mpimaji na mwalimu wa ujifunzaji, yenye madaraja yake na mshahara wake, kwa kuanza na mmoja kwa kila kata. Awe amesoma hatua za kujifunza kusoma na kuhesabu, takwimu za kutosha kutodanganywa na wastani, na dalili za macho na masikio yenye shida, maana baadhi ya tunaowaita wazito hawaoni ubao.

Sharti langu ni moja. Anachokiandika mpimaji kisitumike kumwadhibu mwalimu wa darasa. Siku daftari lake litakapogeuzwa ushahidi wa uhamisho au barua ya onyo, walimu watawakaririsha watoto karatasi ya kusoma wiki moja kabla hajafika, na daftari litajaa habari njema zisizo za kweli.