Noti Inayodhaniwa Kuwa Mbovu

Mwanafunzi wa Buzuruga, Mwanza, aliyezoea kinanda cha kwaya, akisikiliza nyimbo za Kigogo za Hukwe Zawose (aliyefariki mwaka 2003), huenda akadai kwamba noti moja iko chini ya mahali pake. Dai hilo lisikubaliwe kabla ya kupimwa.

Uzi unaotetema mara 100 kwa sekunde hutoa pia, ndani ya sauti yake kuu, sauti ndogo za mitetemo 200, 300, 400 na kuendelea. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mfuatano huo, na noti inayobishaniwa ni sauti ya saba, yaani mitetemo 700. Piano hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ili wimbo uweze kuanzia noti yoyote. Kwa mapatano hayo, noti yake iliyo karibu, ikihesabiwa kutoka 400, ina mitetemo 713 hivi. Tofauti ipo, kosa halipo.

Walimu wa fizikia wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa mshipi wa kuvulia, usiokosekana ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Ukazwe juu ya ubao, urefu wa sentimita 70; uguswe kidogo kwenye sentimita ya 10, kisha upigwe. Sauti ya saba itasikika, ingawa ni nyembamba.

Shule inayoifanya piano kuwa hakimu wa kila sauti humfunza kijana kudharau urithi asioupima. Hapana budi sikio lililozoea lisahihishwe kwa jaribio.