Utafiti wa afya unaishia lami inapoishia

Najua nimepotea hapa karibu mwezi mzima, kazi za chumba cha habari zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi na jambo linalonikera, na sehemu ya lawama ni yangu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita mhariri alinituma kwenye semina hotelini hapa Dar. Mada ilikuwa ushirikishwaji wa jamii katika tafiti za afya, wilaya za Rufiji na Kibiti. Waandaaji sitawataja. Walikuwapo madaktari, maofisa, watu wa mashirika, na wawakilishi wa jamii wanne. Wawili walitoka Kibiti mjini, mmoja Bungu, mmoja Ikwiriri. Wote wanaume, wote wa kando ya barabara ya Kilwa, wawili walimu wastaafu. Nikala chakula cha mchana, nikasaini nauli yangu, nikaandika kwamba sasa wananchi wa Rufiji na Kibiti wana sauti katika utafiti. Habari ikatoka. Nikajipongeza.

Wiki chache baadaye nikaenda Nyamisati kwa habari nyingine kabisa, ya boti za Mafia. Wasioijua: unapanda gari Mbagala, unaiacha lami, unapigwa vumbi mpaka unakutana na mikoko. Pale nilimkuta mama mmoja wa visiwani amekaa na mjukuu wake aliyetoka kutibiwa, anasubiri maji yajae ili mashua iweze kupita. Nikamwamkia, tukaongea. Nikamsimulia ile semina, kwa majivuno kidogo nakiri. Akacheka.

"Mwanangu, hao wenzangu ulioonana nao wanakujua huku kwetu?"

Sikuwa na jibu.

Sasa msinielewe vibaya. Rufiji si mahali palipotelekezwa na watafiti. Ni kinyume chake. Mwaka 1998, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada ulianzisha ufuatiliaji wa watu kaya kwa kaya, kituo kikiwa Ikwiriri. Kila baada ya miezi minne mtu alikuwa akibisha hodi: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Baadaye kazi ikaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Takwimu zile zilionyesha malaria inaua kuliko bajeti ya wilaya ilivyokuwa inaijali, fedha zikapangwa upya, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Dunia nzima ya afya ya jamii ikaisoma Rufiji.

Lakini angalia kata sita zilizochaguliwa wakati ule: Bungu, Mchukwi, Kibiti, Ikwiriri, Umwe, Mgomba. Kisha tafuta Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni, Msala. Hazimo. Delta yote, ambayo kila mtu akisikia Rufiji ndiyo inayomjia kichwani, haikuhesabiwa. Naelewa sababu. Pikipiki haipiti, boti inakula mafuta, na maji yakipwa unalala hapo hapo. Ila tukisema "Rufiji inaonyesha hivi", tujue ni Rufiji ipi.

Na hata huku bara kuna ambao dodoso haliwakuti. Mpunga ukianza kuiva familia inahamia shambani, kwenye dungu, kuamia ndege na kulinda nguruwe. Mtu anakaa huko wiki na wiki. Mkutano wa kijiji ukiitishwa wakati huo wanakuja wenye maduka na watumishi. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 wakaletwa Pwani na mifugo yao, wengi wanaishi mbali na ofisi ya kijiji na baadhi ya wazee wao Kiswahili hakiwatoki vizuri. Mlemavu wa miguu anafikaje? Mama mwenye busha la mumewe la kuuguza na watoto wanne anaacha nani nyumbani?

Yule mama wa Nyamisati alinipa mfano ambao sijausahau. Aliwahi kuulizwa ana vyandarua vingapi. Vitatu, akajibu, na ni kweli. Hakuulizwa analala wapi. Miezi ya mavuno analala dunguni, na vyandarua viko nyumbani. Kama angekuwapo siku maswali yanatungwa, si angesema?

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuhojiwa na kushirikishwa. Nimesoma masharti kwenye vibali vya NIMR: ripoti ya maendeleo kila miezi sita kwa Wizara, kwa NIMR, kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, nakala za machapisho kwa Wizara na NIMR. Ukikiuka unashtakiwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979. Safi. Lakini katika niliyoyaona, hakuna mstari unaosema matokeo yarudi kwa aliyetoa damu yake.

Kuna na hofu, tusijifanye hatuijui. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji Kibiti walikuwa wanauawa, Aprili polisi wanane wakauawa, na Novemba mwenzetu Azory Gwanda aliyekuwa akiandikia Mwananchi akatoweka, hajaonekana mpaka leo. Mtu wa kule akimwona mgeni na daftari ana haki ya kunyamaza. Utafiti unaopita kwa mwenyekiti peke yake utapata majibu ya mwenyekiti.

Wataniambia gharama. Sawa, lakini gharama ya ukumbi wa Dar ilitoka wapi? Mikutano miwili kwa mwaka ifanyike Nyamisati au Mbwera, ipangwe kwa bamvua na si kwa kalenda ya ofisi. Na jamani, mhasibu aache kudai risiti ya EFD kwa nahodha wa mashua! Mwakilishi mmoja aliniambia ndiyo maana watu wa visiwani hawaalikwi: nauli yao haina karatasi. Mafuriko ya Aprili 2024 yamezoa mashamba na visima kule, kuna maswali mengi ya afya yanayosubiri, na wenye maswali hayo wapo.

Habari yangu ile ya semina nimeichapisha, na hii pia, kwa herufi kubwa. Jumamosi asubuhi nipo Mbagala, napanda gari la Nyamisati. Nimwonyeshe yule mama nilichoandika mwanzo, anisahihishe.