Elimu ya Biashara si ya Matajiri Peke Yao



Ukipita Kibera, na vile vile Kawangware, huendi mbali kabla ya kuona ubao wa chuo. Ni chumba kimoja au viwili juu ya duka, madawati, kompyuta chache, na tangazo kwamba hapa hufundishwa Usimamizi wa Biashara, mchana na jioni. Wengi wanaopanda ngazi zile jioni ni watu wetu: askari wa kulinda milango, wauza duka, watumishi wa nyumbani, na vibarua waliorudi kwa miguu kutoka Industrial Area. Wengine ni watoto wetu waliomaliza shule ya sekondari wasipate nafasi katika chuo kikuu.

Wako ndugu katika Chama wanaolicheka jambo hili. Wasema, "Mtu wa mshahara ana biashara gani ya kusimamia?" Wengine wasema kwamba asomaye mambo hayo anajitayarisha kuwa nyapara, na kesho atatugeuka. Sisi hatukubaliani nao, na sababu zetu ni hizi.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamlazimu tajiri kukipa chama cha wafanyakazi habari zote zinazohitajiwa ili chama kiweze kujadiliana vizuri. Maana yake, tajiri akisema kampuni haina faida na hawezi kuongeza mshahara, tuna haki ya kumwambia, "Tuonyeshe hesabu." Haya, ametuonyesha. Je, nani kati yetu atazisoma? Kama hatuna mtu ajuaye tofauti ya mali na deni, au ajuaye jinsi faida inavyoweza kufichwa ndani ya gharama, haki hiyo ni kama taa isiyo na mafuta. Tutaitazama karatasi, tutatikisa kichwa, na tutarudi nyumbani na nyongeza ya senti.

Tena hesabu si za tajiri tu. Chama chetu kina fedha za ada. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vina vitabu. Mwanachama asiyeweza kusoma taarifa ya mweka hazina hawezi kumwuliza swali la maana, na mweka hazina asiyeulizwa swali huharibika upesi.

Wala si jambo jipya kwa mtu wa chama kwenda shule. Tom Mboya alianza kazi kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Mwaka 1955, akiwa tayari kiongozi wa wafanyakazi, alikwenda Uingereza kusoma katika Ruskin College, mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Alisoma mambo ya uchumi na mahusiano ya kazi kwa mwaka mmoja. Aliporudi hakugeuka nyapara. Alirudi mezani.

Lakini twasema vile vile kwamba si kila ubao ni chuo. Twajua wanachama waliolipa karo mwezi baada ya mwezi, kisha ilipofika wakati wa mtihani wakaona kwamba hakuna mtihani, wala fedha hazirudi. Amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kuwa shilingi 16,100 hivi kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Mtu wa mshahara kama huo akipoteza karo ya mwaka amepoteza chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza mambo matatu. Kwanza, je, chuo kina leseni ya TVETA? Chini ya sheria ya mwaka 2013 hakuna anayeruhusiwa kuendesha chuo cha ufundi bila leseni hiyo. Usikubali kuambiwa "iko njiani". Pili, mtihani ni wa nani? Cheti cha KNEC au KASNEB hujulikana nchi nzima. Cheti kilichopigwa chapa na mwenye chuo hujulikana mlangoni pake tu. Tatu, dai risiti kila ulipapo, uiweke.

Tena tusidanganyane. Cheti hakiumbi kazi. Wako vijana wenye diploma wanaouza mitumba katika soko la Toi, na hakuna aibu katika hilo. Mwenye chuo akikuahidi kazi ya ofisini, ahadi hiyo ni ya kuuzia karo. Tunachokipata kwa hakika ni maarifa, na maarifa hayo yatatufaa kama tutayatumia pamoja. Anayesoma ili apande peke yake atawaacha wenzake palepale walipo.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Kila tajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kuwa ushuru wa mafunzo unaosimamiwa na NITA. Kiwanda chenye watu 200 hulipa shilingi 120,000 kwa mwaka. Tajiri akimpeleka mfanyakazi katika mafunzo yaliyokubaliwa na NITA, aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi fedha zinatoka kwa jina letu. Mbona wanaopelekwa mafunzoni mara nyingi ni mameneja, na kibarua ajilipie mwenyewe usiku?

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kila tawi libandike ukutani orodha ya vyuo vya Kibera na Kawangware vyenye leseni, ikaguliwe kila muhula. Na katika mapatano yajayo na matajiri kiandikwe kifungu cha mafunzo: nafasi kwa wafanyakazi wa chini, na ruhusa ya siku za mtihani bila kukatwa mshahara.

Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu. Na wale mnaosoma jioni, msikae nyuma. Siku ya kuzungumza na tajiri tutawaita mje na kalamu.