Bukavu inahitaji bingwa wa utumbo mpana, naye afundishiwe hapa

Mkaaji wa Cimpunda anayeona damu kwenye choo mara nyingi huanza na dawa za amiba. Zisiposaidia, anaambiwa ni bawasiri. Miezi inapita. Pengine ni bawasiri kweli. Pengine ni kansa ya utumbo, nayo inaendelea kukua.

Kupasua sehemu ya mwisho ya utumbo ni kazi ngumu. Iko ndani ya nyonga, karibu na kibofu na mishipa ya fahamu inayoongoza mkojo na nguvu za ndoa. Kisu kikikosea kidogo, mgonjwa anapona kansa lakini hawezi tena kuzuia choo, ama anabaki na mfuko tumboni maisha yote. Cimpunda, ambako maji yanapandishwa mlimani kwa bidoni, mfuko huo ni mzigo wa nyumba nzima. Ndiyo maana Marekani daktari husomea kazi hii mwaka mmoja zaidi, baada ya miaka 5 ya upasuaji wa jumla.

Kivu Kusini inajua faida ya masomo ya namna hii. Denis Mukwege alisomea magonjwa ya akina mama Angers, Ufaransa, miaka ya 1980, akarudi Lemera. Hospitali ile ilishambuliwa 1996, lakini 1999 ikazaliwa Panzi. Leo wanawake wenye fistula, hata ile inayotoboka hadi kwenye utumbo, wanapasuliwa Bukavu, na madaktari wengine wanajifunza palepale. Yeye alirudi. Wako wasiorudi.

Kwa hiyo kumpa daktari mmoja buruse na tiketi hakutoshi. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo iko Kadutu, komini ileile ya Cimpunda, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki wanafanyia mazoezi humo. Bingwa wa nje aje humo, apasue pamoja na madaktari wa hapa kwa vyombo vya hapa. Mwanafunzi aende nje miezi michache tu. Na muuguzi wa kuonyesha mgonjwa namna ya kutunza mfuko awe katika bajeti ileile. Huyo husahauliwa kila mara.

Watakaosema vita haviruhusu wakumbuke kwamba ndege za abiria zilikoma Kavumu Februari 2025. Mtu ambaye utumbo wake umeziba hawezi kungoja zirudi.

Bingwa huyo ashuke pia kwenye vituo vya afya. Kansa iliyo karibu na njia ya haja kubwa huweza kuguswa kwa kidole chenye glavu, bila mashine yoyote, kabla ya kuandika tena dawa ya amiba.