Vifaranga wa Nyama Wakati wa Kipupwe

Mwaka 2024 uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa kaya ya Ilagala, miezi ya namna hiyo ni ya kutafuta kitoweo na fedha mahali pengine, na kuku wa nyama, anayefaa kuchinjwa akiwa na majuma 6 hadi 8, huonekana kuwa jibu jepesi. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kipupwe. Upepo wa kusini-mashariki huvuma, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kwa kuwa amevaa malaika tu, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto.

Mfugaji hufanya nini? Huziba kila tundu kwa magunia na nailoni, kisha huweka jiko la mkaa katikati. Asubuhi akikuta mizoga, husema baridi imewaua, na jioni huongeza gunia jingine. Hapo ndipo kosa lilipo. Mkaa unaoungua katika chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa katika damu mahali pa oksijeni (wala haibagui kati ya kifaranga na mtoto alalaye chumba cha pili). Matandazo yaliyoloa nayo hutoa amonia, ichomayo macho na mapafu. Isitoshe, kuku huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili akue upesi, na moyo wake una kazi nzito. Baridi humwongezea haja ya oksijeni, hewa chafu humnyima. Tumbo hujaa maji, naye mara nyingi hufa akiwa karibu kuuzwa.

Ni afadhali joto litunzwe chini na hewa iachiwe njia juu. Uzio wa duara wa mikeka au makuti ya michikichi, wenye kimo cha nusu mita na uliowekwa mbali na moto, huzuia upepo sakafuni. Pumba kavu za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10, huzuia ubaridi wa udongo. Sehemu ya juu ya ukuta, upande usioelekea upepo, ibaki wavu mtupu. Mkaa ukolezwe nje kwanza, ingawa kuisha kwa moshi si kuisha kwa sumu.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakisongamana karibu na jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni huku wakitweta, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, upepo unapenya. Mwanafunzi naye apige magoti, anuse hewa kwa kimo cha kifaranga, si kwa kimo chake mwenyewe. Amonia ikimchoma puani, matandazo yaliyoloa yatolewe, hata kama usiku huo ni wa baridi.