Ukufunzi wa makampuni si wa wenye suti peke yao

Kazi ya kufundisha wafanyakazi wa makampuni imezoeleka kuwa ya watu wa mjini wenye suti, kompyuta ya mkononi na maneno mengi. Mkulima au mfanyabiashara wa mazao akisikia kuna semina, hujiona ni mtu wa kukaa viti vya nyuma na kusubiri chai na posho. Mtazamo huu unatunyima kipato. Wapo miongoni mwetu wenye ujuzi ambao makampuni yanauhitaji kila siku, lakini hawajawahi kufikiri kwamba unaweza kuuzwa.

Tuchukue mahindi, maana wengi wetu tunayajua. Kampuni ya kusaga unga inapokea mzigo lori baada ya lori. Anayeupokea getini ni kijana wa mkataba mfupi aliyepewa bambo na mashine ya kupima unyevu, na hakuna aliyemwelekeza vizuri namna ya kuvitumia. Anachoma magunia matatu ya ukingoni, anaandika karatasi, lori linaingia. Kumbe mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Hebu tupige hesabu. Mahindi tani 30 yenye unyevu wa asilimia 18, yakikaushwa hadi 13.5, yanabaki tani 28 na kilo mia nne na ushee. Zaidi ya kilo 1,500 zilizolipiwa zilikuwa maji. Tuseme kilo moja ni shilingi 700: zaidi ya shilingi milioni moja imekwenda katika lori moja tu, kabla hatujagusa ukungu.

Na ukungu una hasara yake. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Machi 2021 nchi hiyo hiyo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba sumukuvu isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Wafanyabiashara waliokuwa na malori mpakani wanajua siku zile ziliwagharimu nini.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, nani anaweza kumfundisha yule kijana wa getini? Ni mtu aliyenunua na kuuza mahindi misimu kumi, anayejua magunia mabichi hupangwa katikati ya lori. Anajua turubai likilowa upande mmoja magunia ya upande ule yachomwe moja moja, na anajua kwa nini gunia halilazwi sakafuni bila chaga. Anajua hata kipimo cha chumvi kavu ndani ya chupa: ikigandia kwenye kioo baada ya kutikisa, mahindi bado mabichi, yamepita asilimia 15. Pia anajua kwamba chumvi isipoganda haimaanishi yamefika 13.5, hivyo mashine bado inahitajika. Huyo ni mkufunzi tayari. Kilichobaki ni kujifunza kufundisha na kujifunza kuuza.

Wala hili si jambo geni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilihitaji mafundi wengi wa kuunda meli kwa haraka. Charles Allen, aliyeshughulikia mafunzo hayo, aliwachukua mafundi wa meli wenyewe na kuwafanya walimu. Mwaka 1919 alitoa kitabu kuhusu njia yake, nayo ilikuwa na hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache ajaribu, kisha mpime. Katika Vita ya Pili njia hiyo ilifufuliwa viwandani, na hadi 1945 zaidi ya watu milioni 1.6 walikuwa wamepitia mafunzo yake. Waliofundisha wengi walikuwa wanyapara na mafundi, si wasemaji hodari.

Hata hivyo si kila mjuzi anaweza kufundisha, na ni vizuri ujipime kabla hujaacha shamba au kufunga duka. Mfundishe kibarua wako kazi moja, kisha ondoka siku mbili. Ukirudi ukakuta ameifanya sawasawa bila wewe, umefundisha. Ukikuta amerudia ya zamani, jirekebishe, ujaribu tena. Jaribio hili halina gharama. Nina mashaka na vijana wanaoanza kwa kukopa fedha za kununua cheti cha ukufunzi cha siku tano kabla hawajawa na jambo hata moja la kufundisha. Cheti kinaweza kusaidia baadaye, ukishajua unauza nini.

Mteja wa kwanza mtafute pale ulipozoeleka: ghala unalouzia, kiwanda kinachonunua mazao yenu, chama cha ushirika chenye maghala. Usiende kwa meneja kumuuliza anahitaji mafunzo gani, kwani atakujibu atakupigia simu. Omba kukaa getini siku moja, hesabu magunia yanayopimwa na yanayopita bila kupimwa, kisha mpelekee karatasi moja yenye hesabu kama ile ya juu. Meneja wengi wameshachoka na semina za hotelini ambazo wafanyakazi hurudi na kalamu na begi, huku getini mambo yakibaki yale yale. Anayeleta hesabu ya hasara husikilizwa.

Kuhusu bei, wengi hukosea kwa kuhesabu siku ya kufundisha peke yake. Ukihesabu siku ya uchunguzi, siku ya maandalizi na siku ya kurudi kukagua, somo la siku moja ni kazi ya siku nne. Jumlisha nauli, malazi na kile ambacho ungepata dukani kwako siku hizo. Ukitaka kumpunguzia mteja wa kwanza, andika bei kamili, kisha uonyeshe punguzo. Ukifundisha bure, mwakani utaambiwa mbona mwaka jana ilikuwa bure.

Uwe pia na TIN, jina la biashara lililosajiliwa BRELA na leseni. Kampuni itakukata kodi ya zuio asilimia 5. Dai hati yake uitunze, maana huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka. Ukitaka zabuni za serikali, ujisajili katika mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023.

Kuna kikwazo kimoja kilicho nje ya uwezo wako. Mwajiri atakuambia ameshalipa tozo ya ufundi stadi, iliyopunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023, hivyo haoni sababu ya kukulipa wewe tena. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 za huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama akimtumia mkufunzi aliyesajiliwa na mamlaka yao, NITA. Wizara zetu zingeutazama utaratibu ule kwa makini, kwa sababu humfanya mwajiri amtafute mkufunzi badala ya kumkimbia.

Mpaka hapo, kaza kamba kwenye karatasi yako ya makadirio. Siku ya kurudi kukagua, wiki nne baada ya somo, iandike ndani ya bei moja pamoja na siku ya kufundisha. Ukiiweka mstari wake peke yake, mhasibu ataiona ni ya ziada na ndiyo atakayoikata kwanza, wakati ndiyo siku utakayochoma magunia mwenyewe mbele ya meneja na kuonyesha kilichobadilika.